Vinywa vya Plasta

Mkaguzi hakuwa na ugomvi na wezi. Mwizi anaijua kazi yake, na anajua kwamba siku akishikwa mahali pake ni jela. Waliomtia kichefuchefu ni wale wenye mshahara wa uhakika, waliokwenda jioni kufanya kazi ya pili, wakala mapato yake kimya kimya miaka nenda miaka rudi, kisha siku wakiulizwa wakatoa macho kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni. Miaka kumi na tisa ya kazi ya kodi ilikuwa imemkutanisha nao wa kila aina. Alimpata mwalimu mwenye teksi tatu, alimpata hata mtunza makaburi aliyekodisha viti vya mazishi, na wote walimpa uongo uleule. Angalau wangejisumbua kubuni mpya.

Asubuhi hiyo Mkuu wa Upelelezi alimwita kabla hajavua koti.

"Keti, mama," alisema Mkuu, akichovya biskuti kwenye chai. Aliiacha humo mpaka ikalegea, ndipo akaitafuna taratibu kwa upande wa kushoto. "Nina kazi ya leo leo."

Mkaguzi aliketi na kumtazama. Katika miaka kumi na mmoja aliyofanya kazi chini ya mtu huyu hakuwahi kusikia habari ya leo leo. Ombi la kalamu lilikaa mezani pake wiki tatu likisubiri sahihi. Leo palikuwa na barua isiyo na jina la mwandishi, na kando yake hati ya uchunguzi iliyokwisha kutiwa sahihi, na chai ilikuwa bado haijafika nusu.

"Fundi wa meno ya bandia, hospitali kuu," Mkuu aliendelea. "Mchana yuko kazini kwa serikali, jioni anatengeneza meno nyumbani kwake na hajalipa kodi hata senti. Mpelekee hati hii mkononi."

"Msamaha wa kodi je?"

"Ndiyo nakuharakisha. Msamaha unaisha leo saa kumi. Akija mwenyewe kabla ya hapo, atalipa kodi na riba, basi, arudi kazini anacheka. Hati ikimfikia kwanza, ni mahakama. Na mtumishi wa umma akipelekwa mahakamani kwa kodi, kazi hana na kiinua mgongo hana. Huyu amebakiza miezi kumi na mmoja astaafu."

"Unamfahamu?"

"Nimfahamu wapi mimi fundi wa meno?" Mkuu alicheka, na kucheka kwenyewe alikufunika kwa kiganja, mtindo alioanza nao miezi ya karibuni. Zamani alicheka wazi, na jino lake la mbele lililompanda mwenzake watu wote walilijua.

Mkaguzi alitoka na barua, akaisoma akiwa amesimama ukumbini. Kisha akaisoma tena, safari hii kwa dharau. Ilikuwa na kichwa cha habari. Ilikuwa na aya zenye namba, na ndani ya aya, aya ndogo. Aya ya pili ilisema fundi hutoza laki moja na themanini kwa meno manne ya juu yenye kulabu mbili za waya. Mwisho mwandishi aliaga kwa kusema, "Kwa hatua zako muhimu."

Watu wenye hasira alizoea kuzisoma barua zao. Waliandika kwa herufi kubwa, wakataja wake wa watu, wakamwita Mungu shahidi. Huyu alikuwa na hasira yenye aya ndogo.

Aligeuza karatasi. Karani wa mapokezi alikuwa na ugonjwa wa kugonga mihuri, na kila karatasi iliyopita mlangoni aliigonga muhuri wa siku na saa, hata kadi za harusi. Barua hii haikuwa na muhuri popote. Wala haikusema lolote kuhusu fundi kubakiza miezi kumi na mmoja.

Mkaguzi aliikunja, akaitia mkobani pamoja na hati, akaenda hospitali.

*

Karakana ya meno ilikuwa chini kabisa ya jengo, chumba kirefu chenye madirisha ya juu na vumbi jeupe kila mahali. Fundi alikuwa peke yake, mtu mwembamba mwenye miwani mizito, akisugua fizi za plastiki kwenye mashine inayozunguka. Aliizima alipoona kitambulisho.

"Kodi!" alisema na kujichekesha. "Nami nilidhani umeletwa kupimwa, mama."

"Meno yangu mazima. Una kazi nyingine mbali na hii?"

"Kazi nyingine nitaipatia wapi nguvu? Mimi ni mtu wa mshahara. Kodi yangu wanaikata huko huko kabla sijaiona."

Hapo, uongo wa kwanza. Mkaguzi alikuwa na desturi yake ambayo wenzake waliicheka. Hakumkabidhi mtu hati mpaka amsikie akidanganya mara tatu. Mara moja ni hofu, mara mbili ni mazoea. Ya tatu ndiyo ilimpa usingizi mzuri usiku.

"Kodi ya mshahara inakatwa kwenye mshahara," alisema. "Fedha unayoipata jioni nani anaikata?"

"Fedha gani ya jioni?"

"Nyumbani kwako uani kuna chumba."

"Stoo hiyo. Mna mabati ya zamani na baiskeli ya marehemu baba."

Wa pili, tena wa bei rahisi. Hakuna stoo ya mtu mwongo isiyo na baiskeli ya marehemu baba. Mkaguzi aliingiza mkono mkobani akaigusa hati. Lakini ile barua isiyo na muhuri ilikuwa inamkera, kwa hiyo kwanza alitoa swali lake la pembeni.

"Meno manne ya juu, kulabu mbili za waya. Laki moja na themanini. Yanakukumbusha mtu?"

Fundi alikuwa ameshika kitambaa. Aliendelea kufuta meza pale palipokwisha kuwa safi. Alichukua kikombe cha maji, akanywa, akarudisha kikombe bila kukitazama.

"Ni shemeji yangu," alisema kwa haraka. "Kaka wa mke wangu. Nilimnyima mkopo mwaka jana. Ndiye aliyeandika, nakuapia."

"Shemeji yako ana meno ya bandia?"

"Hana."

"Basi kulabu amezionea wapi?"

Mkaguzi alijaribu kuamua kama huo ulikuwa uongo wa tatu au ujinga mtupu, na ujinga hakuwa na kawaida ya kuuhesabu. Aliuacha mkono mkobani kidogo, kisha akautoa mtupu.

Ukutani, juu ya kichwa cha fundi, palibandikwa tangazo la msamaha wa kodi. Mtu alikuwa ametundika kalenda juu yake, likabaki linaonekana nusu. Mkaguzi aliiinua kalenda kwa kidole kimoja.

"Umelikalia miezi sita tangazo hili. Hata hukulivunjia heshima kwa kulichana, umelifunika tu. Soma saa ya mwisho."

"Saa kumi leo," fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Kumbe kusoma unajua."

Alimwacha hapo. Alipofika ngazini alisikia, kwa nyuma yake, sauti ya mtu anayebonyeza simu kwa pupa. Hakuharakisha hatua. Alitaka kuona ni nini fundi angetaka kifichwe.

*

Mke wa fundi alifungua mlango akiwa na masizi mkononi. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya upole, na alianza kukaribisha kabla hajajua anamkaribisha nani. Uani palikuwa na ndoo ya bati inayofuka moshi.

"Takataka tu, dada," mwanamke alisema, Mkaguzi alipochungulia.

Mkaguzi aliokota kijiti akakoroga majivu. Aliinua waya mrefu uliojipinda, ule wa kushikia kurasa za daftari. Bado ulikuwa wa moto.

"Takataka yako ilikuwa na mistari na kurasa mia mbili," alisema. "Amekupigia simu saa ngapi?"

Mwanamke alikuwa anatazama chini, na Mkaguzi akamdharau kidogo kuliko alivyomdharau mumewe, maana yeye angalau alishindwa kudanganya.

"Shemeji wa mumeo, kaka yako. Anafanya kazi gani?"

"Anachomelea mageti. Kwa nini?"

Mkaguzi alimwonyesha mistari miwili ya barua, vidole vyake vikiwa vimefunika iliyobaki. Mwanamke alisoma, na pamoja na hofu yake akakaribia kucheka.

"Kaka yangu aandike 'rejea aya ya kwanza hapo juu'? Huyo hata risala ya harusi yake alisomewa."

Basi shemeji alitoka kwenye hesabu. Mkaguzi aliomba ufunguo wa stoo. Mwanamke aliutoa kwenye fundo la kanga taratibu sana, labda akitumaini kwamba kabla ya kumaliza kufungua fundo hilo dunia itakuwa imeisha.

Hapakuwa na baiskeli. Palikuwa na meza ya kazi, jiko la kuyeyushia nta, taa ya kuning'inia, na ukuta mzima wa rafu tangu sakafuni mpaka darini. Rafuni vilipangwa vinywa. Vilikuwa vya plasta nyeupe, jasi iliyogandishwa kwa umbo la meno ya wateja, taya za juu na za chini, mamia, kila kimoja kikiwa kimekwaruzwa namba kwa msumari, na chini ya namba, mwezi na mwaka.

Mkaguzi alisimama katikati akahisi kitu kilichokaribia kuwa furaha.

"Daftari mmelichoma," alisema. "Na hivi?"

"Nilimwambia avivunje, dada. Leo tu kwenye simu nimemwambia, niruhusu nichukue nyundo. Amekataa. Alilia."

"Alilia?"

"Plasta ya mteja aliye hai havunji. Anasema siku mtu akija meno yamekatika, uanzie wapi? Anavunja mteja akifa. Anakwenda mazishini, akirudi anavua viatu, anaingia humu, anaitafuta namba ya marehemu, anaivunja pale uani. Mtu mwingine haruhusiwi kushika."

Mkaguzi aligundua sasa nafasi tupu katika safu, hapa moja, pale mbili. Alivua koti akaanza kuhesabu. Ilimchukua karibu saa nzima. Rafuni palikuwa na plasta mia tatu na sabini na moja, na namba ya mwisho ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Arobaini na mmoja walikuwa wamekufa. Kinywa cha kwanza kilikuwa cha miaka tisa iliyopita. Mtu huyu alichoma ushahidi wa karatasi, ambao hakimu angeweza kuubishia, akaacha ushahidi wa plasta ambao hakuna wakili mwenye ulimi wa kutosha kuubishia. Wapumbavu wengi walikuwa wamepita mikononi mwa Mkaguzi, lakini mpumbavu kwa sababu ya heshima ya kazi yake ndiyo kwanza anamwona.

Alirudi kwenye safu ya mwisho. Meno manne ya juu, kulabu mbili. Alizishusha moja moja na kuzigeuza kwenye mwanga. Taya ya juu namba mia nne na tisa ilikuwa na pengo la meno manne upande wa kulia, kwa hiyo mwenye nayo angetafunia kushoto. Mbele, jino moja lilikuwa limempanda mwenzake, kama mtu anayesukuma foleni.

Jino hilo alikuwa amelitazama ng'ambo ya meza kwa miaka kumi na mmoja.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Mke wa fundi aliiona namba akarudi nyuma hatua moja.

"Huyo usimtaje, dada. Ni mtu mkubwa wa huko huko kwenu. Alikuja miezi minne iliyopita, akachukuliwa vipimo, akaambiwa bei. Siku ya kuchukua meno akasema anajua tunafanya kazi bila kulipa kodi, lakini akivaa bure atafumba macho. Mume wangu akampa."

"Kisha?"

"Kisha mwezi huu akamleta mama mkwe wake. Mama hana hata jino moja, juu na chini. Anataka bure vilevile. Mume wangu alikataa. Alimwambia, mzee, wewe nilikupa kwa woga, sasa ukoo mzima? Mama mkwe aliyasikia, akamcheka mkwewe hadharani, akaondoka kwa miguu yake. Tangu siku hiyo hatulali."

Mkaguzi aliiweka plasta mezani, akavifuta vumbi vidole vyake kwa leso, kidole baada ya kidole. Hati yenye sahihi, barua yenye aya ndogo, miezi kumi na mmoja, biskuti iliyolegezwa kwenye chai, vyote vilikaa sawa. Miaka kumi na tisa alikuwa amejiona bora kuliko watu aliowafukuza. Kumbe leo asubuhi alitumwa kama fimbo, kumchapa mtu aliyekataa kumpa mama mkwe wa Mkuu meno ya bure. Alikasirika mpaka masikio yakamwaka.

Saa ilikuwa nane na dakika arobaini. Alimpigia fundi.

"Nimeviona vinywa vyako," alisema. "Usiseme kitu, ukisema utanidanganya mara ya tatu, na hati yako iko mkononi mwangu. Sikiliza tu. Mimi sikupendi. Miaka tisa umetumia barabara za watu wengine. Lakini sheria ni sheria, msamaha ni mpaka saa kumi, na hati ni batili mpaka ikufikie mkononi. Mimi natembea polepole. Wewe kimbia."

"Nikiandika yote, mama, kiwanja changu kitakwenda."

"Kitakwenda. Kiinua mgongo kitabaki. Ukipunguza namba hata moja, nitajua."

"Na mia nne na tisa?" fundi aliuliza. "Yule ataniua."

"Fomu ina sehemu ya kazi zilizofanywa bila malipo na sababu yake. Ijaze. Mia nne na tisa ndiyo ujaze kwa mwandiko mzuri kuliko zote."

Akakata simu. Kisha akamwomba mke wa fundi boksi na gazeti la kufungia.

*

Fundi alifika mapokezi saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, jasho likimtiririka, na koti lake la kazi lingali na vumbi jeupe. Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye benchi kwa muda mrefu, boksi magotini. Hakumsalimia. Alimwangalia akijaza kurasa nne, na alipofika sehemu ya kazi zisizo na malipo alisimama, akamtazama Mkaguzi. Mkaguzi alitazama saa ya ukutani. Fundi akaandika.

Karani wa mapokezi aligonga muhuri nakala zote tatu kwa nguvu zake zote. Saa kumi kasoro dakika nne. Nakala moja ya mlipa kodi, moja ya jalada. Ya tatu, kwa kuwa maelezo yalimtaja mtumishi wa ofisi, karani aliitia kwenye bahasha ya kitengo cha nidhamu, akaidondosha kwenye sanduku la chuma ambalo ufunguo wake hakuwa nao mtu yeyote wa jengo lile.

Fundi alishika nakala yake kwa mikono miwili. Alikuwa amepoteza kiwanja kwa dakika nane, na alikuwa anahema kama aliyeokotwa mtoni.

"Mama, sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru. Lipa," alisema Mkaguzi, akapanda ngazi na boksi lake.

Mkuu alikuwa anafunga mkoba wa kurudi nyumbani. Alipomwona uso ulimchangamka.

"Amepokea hati?"

"Hakupokea. Amejitangaza mwenyewe. Vinywa mia nne na kumi na viwili, miaka tisa, bila kuficha." Mkaguzi aliirudisha hati mezani, sahihi ikiwa juu. "Hii imekufa. Unaweza kuitumia kufutia chai."

"Umefanya nini, mama?" Uso ulianza kumbadilika rangi. "Nilikuambia mkononi! Nilikuambia kabla ya saa kumi! Nitakuandikia barua ya—"

"Utaiandika vizuri, najua. Yenye aya ndogo."

Alifungua boksi, akaondoa gazeti, akaiweka taya ya plasta katikati ya meza, karibu na kikombe. Namba ilimwelekea Mkuu, na lile jino lililompanda mwenzake likamwelekea pia. Mkuu alifunga mdomo wake ghafla, midomo ikabana, lakini alikuwa amechelewa miezi minne.

"Kitengo cha nidhamu kina nakala yao," alisema Mkaguzi. "Nimewapigia simu, wako njiani. Watataka uhakika kwamba plasta hii ni ya anayetajwa, na utaratibu ni mwepesi sana. Fundi huyu, mkewe ameniambia, hukwaruza namba ileile upande wa ndani wa meno anayotengeneza, na meno yenyewe hukaa juu ya plasta yake bila kucheza. Yakicheza, nitakuomba radhi mbele yao."

Mkuu alitazama mlango, akatazama dirisha. Aliketi, tai ikamkaba, na aliposema tena ilikuwa sauti ya chini ambayo Mkaguzi aliifahamu vizuri, kwa sababu kila mtu aliyewahi kumshika aliishia nayo.

"Mama, sisi ni watu wa nyumba moja. Hebu funga mlango, tuzungumze."

Mkaguzi alivuta kiti, akaketi mbele yake, akakunjua leso safi na kuitandika kando ya plasta.

"Tutazungumza, Mkuu," alisema. "Toa meno kwanza."